Jinsi Mimea na Wanyama Wanavyotoa Taka za Miili Yao



Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule hii, na siku hizi nafundisha elimu ya viumbe hapa Malakia, mtaa wa zamani wa mji wa Juba katika Sudan Kusini. Nimeombwa niandike somo moja la kuwafaa wanafunzi walio karibu na mtihani, ambalo sisi tuliokwisha kuondoka shuleni twaweza pia kulisoma bila kuchoka. Nimechagua habari ya jinsi viumbe wanavyotoa taka za miili yao. Najua wako watakaokunja uso. Lakini mtu aweza kukosa chakula kwa majuma kadhaa asife, bali figo zake zikiacha kazi kabisa, naye asipate tiba, siku zake za kuishi ni chache. Kwa hiyo jambo hili si la kuonea haya. Ni jambo la uhai, na hapa kwetu penye joto kali lina haja kubwa, kama nitakavyoeleza mbele.

TAKA YA MWILI NI KITU GANI?

Yafaa kwanza tutenge mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya. Kinyesi kwa sehemu kubwa si taka ya mwili. Ni makapi ya chakula yaliyopita ndani ya matumbo, kama msafiri apitaye ukumbini mwa nyumba asiingie chumba hata kimoja. Taka ya mwili ni ile iliyotengenezwa na mwili wenyewe, ndani ya chembe zake zilizo hai, yaani seli.

Tuchukue mfano wa jiko la makaa. Mkaa ukiwaka hutupa moto wa kupikia, lakini pia hutoa hewa mbaya na kuacha majivu. Seli nazo huunguza chakula ili zipate nguvu. Hewa yao mbaya ni kaboni daioksidi. Majivu yao ni naitrojeni itokayo katika vyakula vya kujenga mwili, kama nyama, samaki, maziwa na maharagwe. Mwili hauwezi kuweka ghala la protini iliyozidi. Huivunja, na naitrojeni yake hugeuka kuwa amonia, nayo amonia ni sumu kali.

Viumbe wana njia tatu za kuondoa sumu hiyo. Njia ya kwanza ni kuitoa amonia kama ilivyo. Ya pili ni kuigeuza iwe yuria, ambayo ukali wake ni mdogo zaidi. Ya tatu ni kuigeuza iwe asidi ya uriki, kitu cheupe kama unga, kisichoyeyuka kwa urahisi. Mtauliza, kwa nini zisitoshe njia moja tu? Jibu ni maji. Ili kutoa gramu 1 ya naitrojeni kwa njia ya amonia, kiumbe huhitaji maji kama mililita 500. Kwa njia ya yuria zatosha kama mililita 50, na kwa njia ya asidi ya uriki kama mililita 10 tu. Lakini kutengeneza yuria hutumia nguvu ya mwili, na asidi ya uriki hutumia nguvu nyingi zaidi.

Basi shikeni kanuni hii, maana ndiyo ufunguo wa somo lote: kila kiumbe hutoa taka yake kwa kadiri ya maji aliyo nayo.

WAKAAO MAJINI

Tuanze na mdogo kabisa. Amiba, aishiye katika maji ya dimbwi, ana seli moja tu. Hana figo wala mkojo. Taka yake hupenya katika ngozi yake nyembamba na kuingia majini. Maji yanayozidi ndani yake hukusanyika katika kifuko kidogo, nacho hujikamua na kuyatupa nje, kisha hujaa tena.

Sasa tuende katika Mto Naili, unaopita mashariki ya mji wetu wa Juba. Sato na sangara waliomo humo hutoa amonia yao bila kuigeuza, na sehemu kubwa hupitia katika matamvua yale yale wanayovutia hewa. Samaki hana sababu ya kuhangaika, kwa kuwa ana mto mzima wa kumwosha usiku na mchana.

Lakini itakuwaje maji yakikauka? Hapo ndipo tunapomwona kambare mamba, ambaye Wajaluo wa Kisumu humwita kamongo. Samaki huyu ana mapafu. Kinamasi kikikauka hujichimbia matopeni, hujifunika kwa ute wake unaokauka kama mfuko, akabaki humo akivuta hewa kidogo kidogo na kungoja mvua. Mwili wake waendelea kuishi, kwa hiyo waendelea kufanya taka. Bali maji ya kuichukua hayapo. Angekaa na amonia ile angekufa kwa sumu yake mwenyewe. Basi huigeuza kuwa yuria na kuiweka mwilini hata mvua inyeshe, ndipo huitoa majini. Jambo hili lilichunguzwa na mtaalamu mmoja wa Marekani, Homer Smith, kwa kambare mamba wa Ziwa Viktoria, naye akalitangaza mwaka 1930. Samaki mmoja ana desturi mbili: moja ya masika na moja ya kiangazi.

Kenya yako mambo ya ajabu kuliko hayo. Katika Ziwa Magadi wako samaki wadogo wa jamii ya sato waishio katika maji makali ya magadi. Maji yale hayaipi amonia nafasi ya kutoka mwilini kama itokavyo katika maji ya mto. Kwa hiyo samaki hawa hutoa yuria, ingawa wamezungukwa na maji siku zote. Wataalamu walieleza habari zao mwaka 1989. Tunajifunza kwamba wingi wa maji peke yake hautoshi. Hapana budi yawe maji yawezayo kuchukua taka.

WAKAAO NCHI KAVU

Mwalimu wa Malakia hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa njia ya tatu. Mjusi kafiri yuko ukutani mwa darasa. Tazama choo chake sakafuni. Utaona kipande cheusi chenye ncha nyeupe. Kile cheusi ni kinyesi, yaani mabaki ya mbu na nzi aliowala. Ile ncha nyeupe ndiyo asidi ya uriki, mkojo wake mkavu. Mjusi huyu aweza kuishi katika nyumba kavu kwa sababu hatupi maji yake ovyo.

Ndege ni hivyo hivyo, na ndiyo maana kinyesi cha kuku kina weupe juu yake. Fikirini pia habari ya yai. Kifaranga hukaa ndani siku 21 na hakuna mlango wa kutupia taka. Kama angefanya amonia, angekufa kabla ya kuanguliwa. Asidi ya uriki haiyeyuki, basi hukaa kando katika kifuko chake bila kumdhuru. 

Ndugu mlioko Kampala mnamfahamu kongoti, yule ndege mkubwa mwenye upara apendaye majalala, ambaye wengine humwita marabu. Miguu yake huonekana myeupe kama iliyopakwa chokaa. Si rangi yake. Siku za joto hujinyea miguuni makusudi, ili umajimaji ule unapokauka umpoze. Hata taka yake huifanyisha kazi kabla ya kuiacha.

Wadudu wengi nao, kama panzi, hutoa asidi ya uriki. Badala ya figo wana mirija myembamba inayoning'inia katika utumbo. Mirija hiyo yaitwa kwa jina la Marcello Malpighi, mtaalamu wa Italia aliyeishi katika karne ya 17. Taka huingia utumboni kwa njia ya mirija hiyo, kisha maji hunyonywa na kurudishwa mwilini karibu yote kabla taka haijatoka.

MIMEA

Mmea hauna figo, wala hauna mguu wa kuuhamisha mahali palipochafuka. Lakini taka zake za naitrojeni ni chache, maana hujitengenezea protini kwa kadiri ya haja yake, na naitrojeni ya zamani huitumia tena.

Mchana, jua likiwaka, majani hutumia kaboni daioksidi kutengeneza chakula, na hewa inayobaki ni oksijeni, inayotoka katika vitundu vidogo vya majani. Kwa mwembe, oksijeni ile iliyozidi ni taka. Kwetu sisi ni pumzi. Usiku hakuna jua, basi mmea huvuta oksijeni na kutoa kaboni daioksidi kama sisi. Hata mchana huvuta pumzi hivyo, ila kazi ya jua huwa kubwa kuliko hiyo.

Taka nyingine mmea huzifungia mahali. Anayekula magimbi yasiyoiva vizuri hushikwa na mwasho mdomoni na kooni. Sababu yake ni vijisindano vidogo mno vya oksaleti ya kalsiamu vilivyomo ndani ya seli. Mpingo nao huweka vitu vyake vya ziada katikati ya shina, na kiini kile huwa cheusi na kigumu kama jiwe, lakini mti wa pembeni hubaki mweupe. Wachonga vinyago wa Kimakonde hupata riziki yao katika ghala lile la mti.

Tena yako majani. Wakati wa kiangazi misaji huku kwetu hupukutika. Kabla jani halijaanguka, mti huvuta na kurudisha shinani vitu vyenye faida, na kuacha ndani yake kalsiamu iliyozidi na vitu vingine visivyotakiwa. Jani likianguka laenda na mzigo wake. Na huko pwani, Lamu na Zanzibar, uko mti wa mikoko uitwao mchu, unaoota katika maji ya bahari. Hutoa chumvi katika majani yake. Ukililamba jani utaionja.

Vitabu vya zamani viliandika kwamba ulimbo, utomvu na uchungu wa magome ni taka tupu. Siku hizi twajua kwamba vingi katika hivyo ni silaha. Gundi ya migunga, inayovunwa katika Sudan na Sudan Kusini, huziba jeraha la mti. Utomvu mweupe wa mpapai humkataza mdudu kula. Mwanafunzi akiulizwa habari hii katika mtihani, na aeleze mambo yote mawili.

MWILI WA MTU

Mtu ana vyombo vinne vya kazi hii. Mapafu hutoa kaboni daioksidi. Katika hewa tuivutayo iko kama sehemu 4 katika 10,000. Katika hewa tuitoayo ni kama sehemu 4 katika 100. Ini hugeuza amonia kuwa yuria. Tena huvunja rangi ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka, ambazo huishi kama siku 120, na rangi hiyo hutoka pamoja na nyongo na kukipa kinyesi rangi yake. Ndiyo sababu ini likiugua, macho huweza kuwa ya manjano. Ngozi hutoa jasho, lenye maji, chumvi na yuria kidogo.

Chombo cha nne ni figo, nazo ni mbili, kila moja ukubwa wa ngumi ya mkono. Katika kila figo vimo vichujio vidogo sana kama milioni 1. Kwa siku moja huchuja maji ya damu kama lita 180. Hapa Juba watu wengi hununua maji kwa pipa kutoka kwa magari ya tangi, na pipa moja ni lita 200. Basi kila siku figo zako huchuja karibu pipa zima. Lakini mkojo utokao ni kama lita moja na nusu tu. Zaidi ya sehemu 99 katika 100 hurudishwa katika damu, pamoja na sukari na chumvi inayotakiwa. Hakuna bibi wa nyumba anayetumia maji kwa uangalifu namna hiyo.

Lakini uangalifu huo una mpaka. Sisi hatukupewa njia ya mjusi. Yuria yetu haitoki ila kwa maji. Hata mtu akishinda bila kunywa, hapana budi figo zake zitoe mkojo kama nusu lita kwa siku ili taka iondoke. Zikishindwa kufanya hivyo, taka hubaki katika damu.

JOTO LA JUBA NA MAJI YA KUNYWA

Sasa nafika mahali palipoifanya kalamu yangu iandike. Mwezi wa Machi 2024 shule za Sudan Kusini zilifungwa kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika digrii 45. Mwezi wa Februari 2025 zilifungwa tena kwa majuma mawili, baada ya wanafunzi kuzimia mjini Juba. Katika joto kama hilo mwili hutumia maji mengi kwa jasho ili ujipoze. Ngozi na figo hugawana kisima kimoja, na ngozi huchota kwanza. Mkojo huwa kidogo, mweusi-mweusi kama chai ya rangi. Hali hiyo ikidumu siku nyingi, mawe huweza kufanyika katika figo, na figo zenyewe huweza kuumia.

Katika shule moja niliyopata kufundisha, niliona kwamba wasichana kadhaa hawakugusa maji tangu asubuhi hata saa nane. Nilipouliza kwa upole, mmoja alijibu, "Mwalimu, nikinywa nitataka kwenda chooni, na choo chenyewe hakina mlango." Sikuwa na neno la kumjibu. Msichana yule alikuwa akijua kanuni ya maji na taka pengine kuliko mimi, maana aliitumia kinyume: alizuia maji ili azuie taka. Lakini mwili haukubali mapatano hayo. Taka haingoji ruhusa ya choo. Inafanyika kila saa, uwe umekunywa au hukunywa.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu tuliotoka shuleni zamani, ambao wengine ni wazazi, wengine wajumbe wa kamati za shule. Tukichanga fedha, mara nyingi hupenda kununua vitabu na mipira. Ni vyema. Lakini mlango wa choo, na mtungi wa maji safi wenye kifuniko, ni vyombo vya masomo vile vile. Mtoto mwenye kiu hasikii hesabu.

Jambo jingine ni dawa za maumivu. Mtu akiumwa kichwa kwa sababu ya jua, hukimbilia sokoni kununua vidonge kama dikilofenaki au ibuprofeni, akavimeza bila maji ya kutosha, leo na kesho na kesho kutwa. Dawa hizo hupunguza damu iendayo katika figo, na mwili uliokauka huumia zaidi. Anywe maji kwanza, apumzike kivulini, na maumivu yakizidi amwone mganga hospitali.

Kama figo zikifa, mashine yaweza kusafisha damu. Daktari Willem Kolff wa Uholanzi aliitengeneza ya kwanza wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1945 ndipo kwa mara ya kwanza mgonjwa wake mmoja aliokoka. Leo mgonjwa wa figo kwa kawaida huunganishwa na mashine mara tatu kwa juma, kama saa nne kila mara, nayo gharama yake huwalemea watu wengi. Kazi hiyo yote figo nzima huifanya bure, na malipo yake ni maji tu.

MAJARIBIO MATATU

1. Tia maji ya chokaa, yaliyotulia na kuwa maangavu, katika gilasi. Puliza ndani yake kwa mrija, wala usiyavute mdomoni. Yatageuka kuwa kama maziwa. Hiyo ndiyo kaboni daioksidi ya mapafu yako.

2. Weka majani mabichi ya mmea wa majini katika chupa ya maji, uiweke juani. Utaona vipovu vikipanda kutoka katika majani. Hiyo ni oksijeni, taka ya mmea.

3. Asubuhi na jioni, kwa juma moja, tazama rangi ya mkojo wako na uiandike katika daftari, pamoja na idadi ya vikombe vya maji ulivyokunywa. Ukiwa wa manjano hafifu, figo zako zina maji ya kazi. Ukiwa wa rangi ya chai, kanywe maji sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma gazeti hili.

Nawatakia masomo mema, na mtihani mwema kwa wale ambao zamu yao imefika.